Kisiki hai kinatufundisha kusamehe

Mkulima wa Dodoma akikutembeza shambani kwake anaweza kukuonyesha kichaka kinachokufika magotini akakuambia, "Huu ni mti." Usimcheke. Chini ya kichaka hicho kuna kisiki cha mti uliokatwa zamani kwa ajili ya kuni au mkaa. Shina limekwenda, lakini mizizi ipo. Mvua ikinyesha kinachipua, na kila msimu machipukizi hufyekwa wakati wa kuandaa shamba au huliwa na mbuzi. Wenyewe wanakiita kisiki hai.

Utunzaji wa visiki vya namna hii ulipata sifa duniani kupitia Niger. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tony Rinaudo, mmisionari na mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa akipanda miche huko Maradi na mingi ilikufa. Siku moja alisimamisha gari ili apunguze upepo kwenye matairi, apate kupita mchangani. Akiitazama nchi ile tupu, alimwomba Mungu awasamehe wanadamu kwa kuuharibu uumbaji wake. Kisha akaona kichaka kando ya njia. Alipokisogelea akayatambua majani: ulikuwa mti uliokatwa, unachipua. Kwa kutunza visiki, wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye takribani hekta milioni 5.

Tunaosali tuitazame habari hiyo vizuri. Mtu aliomba msamaha, akaonyeshwa kitu kilichokuwa hai siku zote, ila watu walikuwa hawaachi kukikata.

Mimi na kaka yangu hatukusemezana kwa miaka mitatu, sababu ikiwa mpaka wa shamba la marehemu baba. Jumapili tulikaa kanisa moja tukasali Baba Yetu, sala inayofunga pamoja msamaha tunaouomba na ule tunaowapa wengine. Kila sikukuu kaka alinitumia salamu kupitia watoto. Sikuzijibu hata mara moja. Nilikuwa nasubiri kikao cha wazee na maneno mazito ya kuomba radhi, kumbe kila salamu ilikuwa chipukizi, na mwenye panga nilikuwa mimi.

Wapo watakaosema mfano huu unarahisisha mambo. Wana hoja. Kisiki kilichong'olewa na mizizi yake hakichipui, na mti uliopona hubaki na kovu. Katika ukanda wetu majirani wameumizana kwa makubwa kuliko mpaka wa shamba, na kumharakisha aliyeumizwa asamehe ni kumkata mara ya pili. Mwenye panga ndiye anayepaswa kuliweka chini kwanza. Tena msamaha haufuti haki: mpaka wetu bado unahitaji kupimwa.

Lakini mkulima wa kisiki hai hasubiri mti mzima ndipo aanze kazi. Huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, hufunga kitambaa kuwa alama ili wapitao wasikate, kisha huzuia mifugo. Kazi hiyo haihitaji kitalu wala fedha nyingi. Inahitaji uvumilivu, na ndiyo maana Petro alipouliza kama kusamehe mara saba kunatosha, alijibiwa kwa hesabu asiyoitarajia.

Nasi tunaweza kuanza hivyo. Chagua jambo moja ambalo bado lina uhai kati yako na uliyekosana naye, ulilinde dhidi ya maneno ya wachochezi, mengine yasubiri msimu wake.

Mwezi uliopita kaka aliagiza salamu tena. Safari hii nilimpigia simu. Tulizungumza habari za mvua na afya ya shangazi, dakika nne hivi. Mpaka hatukuugusa. Ila nilianza kwa kusema shikamoo, naye, baada ya kimya kidogo, akaitikia marahaba.