Kipimo Kisichomjua Mmasai

Duniani watu wazima walio wengi hawamudu maziwa vizuri. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa hupungua baada ya utoto. Kwa Wazungu wengi hakipungui, kwa sababu herufi moja ya vinasaba imebadilika karibu na jeni yake. Sasa mpime Mmasai kwa kuitafuta herufi hiyohiyo. Majibu yatasema maziwa hayamfai, yeye aliyekulia kwenye maziwa!

Mwaka 2007, watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walieleza kisa hiki. Wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe. Yaliyoenea zaidi Kenya na Tanzania yako herufi 100 tu kutoka pale palipobadilika kwa Wazungu. Uwezo ni uleule, ila umepatikana kivyake. Kipimo kile kilitungwa bila sisi kuwamo.

Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi, na watu wawili wowote hutofautiana kwa takriban moja katika kila 1,000. Tofauti hizo zimejaa Afrika kuliko kwingine kokote, kwani ndiko binadamu alikoishi muda mrefu zaidi. Hata hivyo, tafiti nyingi za jeni na maradhi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Tumelipia pengo hilo. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa VVU walimeza efavirenz, miligramu 600 kwa kila mtu mzima. Lakini wenye aina fulani ya jeni ya CYP2B6, ambayo ni ya kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, huivunja dawa hiyo polepole. Dawa hujaa kwenye damu na kuleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Ni wangapi walioambiwa wavumilie tu?

Wala sidai kipimo kimoja cha "Waafrika". Mhadzabe na Mmakonde hawalingani kiasi hicho, na anayetutia sote kapu moja anarudia kosa lilelile.

Mradi wa utafiti wa jeni na afya barani Afrika, H3Africa, ulioanza 2010 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulijenga maabara, hifadhi za sampuli na wataalamu. Ufadhili huo umekwisha. Serikali zetu zitenge fungu lao wenyewe, takwimu zitunzwe hapa, na mfugaji aliyetoa damu yake arudishiwe majibu kwa lugha anayoisema nyumbani.