Ripoti za hali ya anga zisizosema lolote kuhusu milima

NDEGE ndogo ilipoanguka katika Kaunti ya Kwale mnamo Oktoba 28, 2025, dakika chache baada ya kupaa kutoka Diani kuelekea Maasai Mara, watu wote 11 waliokuwemo waliangamia. Maafisa wa utawala walisema mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi na mwono ulikuwa hafifu.

Kubaini chanzo cha mkasa huo ni kazi ya wachunguzi, na si haki kuwatangulia. Hata hivyo, liko swali ambalo huzuka kila mara ndege ndogo inapoanguka nchini: Je, rubani huambiwa nini hasa kuhusu hali ya anga kabla ya kuwasha injini?

Jibu limo katika mstari mmoja wa herufi na tarakimu ambao kwa asiyeuzoea hufanana na hirizi. Chukua mfano huu, uliobuniwa kwa minajili ya maelezo tu: HKJK 120300Z 04005KT 3000 BR BKN003 14/14 Q1021.

HKJK ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Wilson ni HKNW, Mombasa ni HKMO na Kisumu ni HKKI. Tarakimu zinazofuata ni tarehe 12, saa tisa usiku kwa saa za kimataifa, ambayo jijini Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi. Marubani kote duniani hutumia saa moja ili asiwepo wa kuchanganyikiwa, na herufi Z ndiyo alama yake.

Upepo unatoka kaskazini mashariki, digrii 40, kwa kasi ya maili tano za baharini kwa saa. Macho yanaona umbali wa mita 3,000 pekee kwa sababu ya BR, yaani ukungu mwepesi. Herufi hizo zimetoka katika neno la Kifaransa, brume, na mwanafunzi wa urubani hana budi kuzikariri jinsi zilivyo. Mwono ukishuka chini ya mita 1,000, BR hugeuka FG, ukungu mzito, na shughuli za uwanja huanza kuvurugika.

BKN003 inamaanisha kuwa mawingu yamefunika sehemu tano hadi saba kati ya nane za anga, na kitako chake kiko futi 300 tu juu ya uwanja. Q1021 ni mgandamizo wa hewa, ambao rubani huuingiza katika kipimo cha mwinuko ili kisimdanganye kuhusu kimo chake.

Lakini rubani mzoefu huanza kutazama 14/14. Tarakimu ya kwanza ni joto la hewa. Ya pili ni kiwango cha joto ambacho hewa ikikifikia, mvuke hugeuka matone. Mbili hizi zinapolingana, hewa imeshiba maji na ukungu unaweza kuzidi kabla jua halijapanda. Wakazi wa Nairobi wanazijua vyema asubuhi za namna hiyo mwezi Julai.

Mfumo huu, uitwao METAR, ulianza kutumika kimataifa mwaka wa 1968, enzi ya teleprinta, wakati kila herufi ilikuwa na gharama yake. Wapo wanaodai kwamba umepitwa na wakati na kwamba ripoti zinafaa kuandikwa kwa lugha ya kawaida. Hoja hiyo ina mvuto, ila imechelewa. Tangu Novemba 2020, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege (ICAO) zimezitaka nchi kubadilishana ripoti hizi pia katika muundo unaosomwa na kompyuta, na simu ya mkononi huweza kufasiri mstari mzima kwa sekunde moja.

Tatizo lenye uzito ni jingine. Ripoti hii huzungumzia uwanja wa ndege na eneo lililo umbali wa kama kilomita nane kuuzunguka. Kwa yanayotokea kati ya kilomita nane na 16, zipo herufi VC za kumdokezea rubani kwamba kuna jambo jirani. Zaidi ya hapo, METAR ni bubu.

Isitoshe, kimo cha mawingu katika ripoti hupimwa kutoka uwanjani, si kutoka usawa wa bahari. JKIA iko takriban futi 5,330 juu ya bahari. Ripoti ikisema BKN040, mawingu yako futi 4,000 juu ya uwanja, na anayetua hana wasiwasi wowote. Lakini kwa kipimo cha bahari, mawingu hayo yameanzia kama futi 9,330. Kilele cha juu zaidi cha Aberdares kinakaribia futi 13,100. Mawingu hayo hayo yakitanda hadi huko kwa kimo hicho, futi zaidi ya 3,700 za mlima zimemezwa, ilhali ripoti ya Nairobi inasomeka kama habari njema.

Katika safu hiyo ndimo ndege iliyotoka Kitale kuelekea JKIA ilimopotea Juni 5, 2018, ikiwa na watu 10. Ukungu na msitu viliwatatiza waokoaji, na mabaki yalipopatikana siku mbili baadaye, hakuna aliyenusurika.

Miaka 12 kabla ya hapo, Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa iliyobeba ujumbe wa amani ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya anga. Kati ya watu 17 waliokuwemo, 14 walifariki, wakiwemo wabunge watano, Dkt Bonaya Godana akiwa miongoni mwao. Mlima Marsabit ni msitu uliozungukwa na jangwa: kilomita chache kutoka hapo jua linawaka, juu yake ukungu umeshika.

Ni kweli kuwa watabiri hutoa pia utabiri wa njia, pamoja na onyo maalumu liitwalo SIGMET. Lakini onyo hilo ni la mambo makubwa kama vile radi, msukosuko mkali wa hewa au majivu ya volkano. Wingu la kawaida lililokalia kilima halifikii kiwango hicho, na ndilo linaloua.

Jimbo la Alaska nchini Marekani, ambako ndege ndogo hupenya milimani kama matatu zinavyopenya vichochoro vya Eastlands, lilikabiliwa na pengo hili hili. Mamlaka ya usafiri wa ndege huko imeweka kamera katika vituo zaidi ya 200, vikiwemo vya mapitio ya milima, na picha hubadilishwa kila baada ya dakika 10. Rubani hulinganisha picha ya sasa na ile ya siku ya anga safi, kisha anaamua kama atapaa.

Kenya haihitaji vituo 200. Safari nyingi za ndege ndogo kutoka Wilson na Diani hupita njia zinazojulikana, na vilima vinavyozikabili vinahesabika. Baadhi ya vilele nchini tayari vina milingoti ya simu na redio, yenye umeme na walinzi.