Mhadhara Usio na Hadhara

Mhadhara na hadhara ni maneno ya shina moja, na maana yake ni kuwapo mbele ya watu. Basi mhadhara wa hadhara usioeleweka na hadhara ni karamu ya kunusishwa: mlango u wazi, kiingilio hakuna, lakini aliyeingia hutoka na njaa yake.

Ndivyo inavyokuwa aghalabu vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinapoita watu kusikiliza habari za teknolojia na jamii ya kidijitali. Bango husema wote wanakaribishwa. Kisha mzungumzaji huanza kwa Kiingereza, akamaliza kwa Kiingereza, na maswali yakaulizwa kwa Kiingereza na wale wale wanaokutana kila siku katika vyumba vya walimu. Mvuvi na muuza duka, ambao akiba yao imo ndani ya simu, hawamo.

Lau jambo hili lingekuwa la kukosa adabu tu, lingesameheka. Lakini lina hasara. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa watu, na mwizi hakuchelewa kuutambua. Nani Tanzania asiyeujua ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”? Hauna jina wala salamu. Humwangukia mtu ambaye kweli alikuwa akingoja kuambiwa pa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto, naye akatuma. Umeandikwa kwa Kiswahili cha kila siku, na hapo ndipo penye nguvu yake. Mwizi huitumia lugha ya watu ili awaibie. Msomi anaionea haya, hata pale ambapo ingewaokoa.

Mwaka 2022 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki ya mtu juu ya habari zake mwenyewe ni jambo kubwa, lakini haki asiyoijua mwenyewe haimlindi. Ni nani wa kumfafanulia, kama si mwanachuoni aliyesomeshwa kwa kodi yake?

Hujibiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Hoja hiyo ilikwisha kufa, tena waliyoizika ni wanachuo wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Leo tovuti, nywila na barua pepe ni maneno ya kawaida. Na wanaobishana kati ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi hawabishani kwa ufukara, wanachagua.

Tena visiwani mfano haupo mbali. Katika darsa za misikitini sheikh husoma Kiarabu, kisha akakifasiri na kukisherehesha kwa Kiswahili, mchukuzi na tajiri wakakaa jamvi moja. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliikamilisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969. Ikiwa maneno matukufu kiasi hicho yalifasiriwa bila elimu kushuka daraja, ni siri gani iliyomo ndani ya kompyuta isiyofasirika?

Hapana anayetaka Kiingereza kifukuzwe. Kibaki katika semina na majarida yake, na mgeni atafutiwe mkalimani. Lakini siku ya hadhara, mhadhiri na aseme Kiswahili, maswali yapokewe kwa Kiswahili, na redio ziufikishe mhadhara mpaka Pemba na Tumbatu. Chuo kisichoweza hayo na kiandike kweli kwenye bango lake: mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe. Neno hadhara kiwaachie wenyewe.