Usiku mmoja kwenye vila, na ndoo ya dogo

Najua nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Kwanza zilikuwa testi, tatu mfululizo, halafu ikaja harusi ya dada yetu wa Kiseke, mtoto wa mama mkubwa, na mimi nilikuwa mpambe. Harusi yenyewe leo siisimulii, maana nikianza mtauliza keki ilikuwa ya ghorofa ngapi. Nataka kusema jambo moja tu lililonitokea asubuhi ya siku ile. Mpaka leo nikikaa kwenye vimbwete hapa chuoni linanirudia.

Iko hivi. Bwana harusi anafanya kazi mgodini huko Geita, na kamati yake ilikuwa na michango ya maana. Wakaona bibi harusi na wapambe tusilale Kiseke usiku wa kuamkia Jumamosi. Nyumbani wageni walikuwa wamejaa mpaka jikoni, shangazi zetu wa Magu wamelala ukumbini, na foleni ya bafu ilianza saa tisa usiku. Mapambo yangechelewa. Basi tukapelekwa kulala hoteli moja ya ufukweni, kwenye vila. Hoteli siitaji jina. Ipo kando ya ziwa letu, inatosha.

Kwa ambao hamjawahi, na mimi nilikuwa mwenzenu: vila si chumba, ni nyumba nzima ndani ya hoteli. Ina sebule yake, vyumba viwili, uzio wa maua kuizunguka, na bwawa lake dogo la kuogelea ambalo mnaoga nyie tu. Ukishuka ngazi nne umeshakanyaga mchanga wa ziwa. Sitawadanganya kwamba nilikaa pale nikiwaza matatizo ya nchi. Nilijiachia! Nilioga maji ya moto mara mbili, nikala matunda yote yaliyowekwa mezani, nikalala kwenye kitanda ambacho ukijigeuza mwenzako hata hajui. Kwetu mtu akijigeuza nyumba nzima inajua. Kwa hiyo anayewaambia raha ni upuuzi, huyo bado hajaionja.

Bei niliiona kwenye karatasi ya mweka hazina wa kamati. Laki sita, usiku mmoja. Si mnajua mwanafunzi akiona bei anaigawa kwa boom? Posho ya Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Yaani usiku ule nimelalia siku 60 za maisha yangu ya chuo. Nikacheka peke yangu gizani, nikalala.

Sasa asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nikatoka na kikombe cha chai, nikakaa ngazini. Ziwa limetulia kabisa. Zilikuwa siku za giza, hakuna mwezi, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi na taa zake. Nikasema moyoni kumbe ziwa hili hili la kwetu ni zuri hivi, mbona sijawahi kuliona nikiwa nimekaa.

Akatokea dogo na ndoo. Miaka kama 15, 16 hivi, shati la shule begani, kipande cha sabuni mkononi, anatembea ukingoni mwa maji. Mlinzi akachomoka kwenye miti.

"We! Umeambiwa mara ngapi hapa si njia?"

"Nafua tu baba, nikimaliza naondoka."

"Kafulie kwenu."

"Kwetu maji hayatoki, na kule tulipokuwa tunapita kumejengwa ukuta."

Halafu akainua macho, akaniona. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Madam! Shikamoo madam!"

Mwaka jana nilifanya TP kwenye sekondari moja ya kata, nikafundisha Jiografia kidato cha pili. Huyu alikuwa anakaa dawati la dirishani, ndiye aliyekuwa anafuta ubao bila kutumwa. Siku ya mwisho aliniletea sato mmoja kwenye mfuko, wa kuniaga.

"Madam, mwambie nachota maji tu."

Mlinzi akanigeukia. Wala si kwa ukali. Akanyoosha mgongo kama askari mbele ya bosi wake, na ni mtu mzima sawa na baba yangu. "Samahani dada, huyu anakusumbua?"

Wadau, pale nilitakiwa kusema maneno matatu tu: hapana, mwache achote. Sikuyasema. Nilijiona nimejifunga taulo jeupe la hoteli kichwani, kikombe mkononi, nikaogopa. Nadhani niliogopa mlinzi asije akagundua kwamba mimi si mtu wa vila, ni mtu wa Kiseke niliyelipiwa na kamati ya harusi. Nikasema, "Hapana, hanisumbui," basi. Nikaingia ndani kama mtu ambaye simu yake inaita. Nikauchuna. Dirishani nikamwona dogo anarudi alikotoka, ndoo tupu inamgonga gotini.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa maoni yangu.

Siku za kwanza nilimlaumu mlinzi. Ni rahisi kumlaumu. Lakini hebu fikirieni alichofanya: aliniuliza. Dogo alimwomba mara mbili hakusikilizwa, na mimi kabla sijafungua mdomo nikaulizwa ninatakaje. Mlinzi hana ufuko wala hana ukuta. Ana mshahara na ana amri kwamba mgeni asisumbuliwe. Mwenye neno pale nilikuwa mimi, mgeni, na sikulitumia.

Nilipowasimulia wenzangu, mmoja anayesoma biashara akaniambia, "Acha ushamba. Mtu akilipia vila analipia faragha. Akitaka kuona ndoo angelala Kiseke." Ana hoja, na dunia imekwenda huko. Kule Mafia kuna kisiwa cha Shungimbili, hifadhi ya bahari tangu mwaka 2007, ambako wawekezaji wamejenga vila moja tu, Thanda Island, ya vyumba vitano. Ilipofunguliwa mwaka 2016 bei ilitangazwa kuanzia dola 10,000 kwa usiku. Kwa pesa yetu ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 20. Kwa boom ya 10,000 ni siku zaidi ya 2,000, na digrii yangu ya ualimu ni miaka mitatu tu. Kule mgeni analipia kisiwa kizima. Sawa, ni kisiwa. Lakini ufuko wa Mwanza umezungukwa na watu, na faragha ya mmoja hapa inakatwa kutoka kwenye njia ya mwingine.

Na msidhani mjadala huu nimeuanzisha mimi. Mwaka 1970 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Mlimani, Dar es Salaam, waliuliza gazetini, kwenye The Standard, kama nchi ya ujamaa inatakiwa kutumia pesa zake kujenga mahoteli ya watalii. Watu wakajibizana hasa, wa serikalini na wa chuoni. Issa Shivji akayakusanya majibizano yale katika kitabu, Tourism and Socialist Development, kilichotoka mwaka 1973. Nilikikuta kwenye orodha ya somo moja na nikakipita. Baada ya harusi nikakirudia. Wanafunzi kama sisi, nao bila shaka walikuwa wanahesabu senti, waliuliza swali ambalo leo hatuulizi tena: huyu mgeni akifika, sisi tunakuwa akina nani mbele yake?

Ila mimi siungani na anayesema hoteli zifungwe. Hapana jamani. Mamdogo wangu amefua mashuka ya hoteli miaka tisa, na ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye mashuka yale. Mwaka 2024 nchi hii ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2, na nyuma yao kuna madereva, wapishi, wauza sato, wafua mashuka. Nikiandika hoteli ziondoke nitakuwa namwandikia mamdogo barua ya kuachishwa kazi. Na harusi za kwetu nazo zinapenda ufuko, tusijifanye.

Ninachokataa ni hili la kuona kwamba raha ya vila haijakamilika mpaka mwenyeji aondolewe machoni. Hapa Mwanza jambo hilo tulipaswa kulijua mapema. Kisiwa cha Saanane, mnachokiona pale karibu na mjini, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Jina ni la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale, akahamishwa, na mwaka 1964 kikawa bustani ya wanyama. Sisemi hifadhi ni mbaya, nimeshapeleka wanafunzi pale na walifurahi sana. Nasema tu ukivuka kwenda Saanane kumbuka unatamka jina la mtu aliyehama ili wewe utembelee.

Na sheria je? Nimeisoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, na waziri amepewa nafasi ya kuweka miongozo. Nilifurahi, nikajua nimepata silaha. Halafu nikaisoma tena. Sheria ile inalinda ukingo usiharibiwe, na kifungu kile hakisemi kitu kuhusu ndoo ya dogo. Tena ukiisimamia kwa nguvu zote, haitamgusa mwenye vila peke yake. Itamgusa na bibi mwenye kibanda chake cha kukaanga samaki, ambaye hana wakili. Kwa hiyo tusiishike nusu nusu. Mita 60 zikipimwa, zipimwe kwa wote, na aanze mwenye zege.

Lakini mimi naomba kitu kidogo kuliko hicho, vitatu tu.

Cha kwanza ni njia. Kila panapojengwa kando ya ziwa, kabla ya tofali la kwanza, iachwe njia ya miguu mpaka majini, ichorwe kwenye ramani ya mtaa, na watu waonyeshwe ilipo. Upana wa watu wawili wenye ndoo kupishana unatosha. Mgeni hatakufa akiona mtu anapita.

Cha pili ni ninyi viongozi wa mitaa. Mkutano wa mtaa wa kujadili michango ya mwenge unaitishwa kwa kipaza sauti. Ukuta unaofunga njia ya ziwani tunaukuta umeshaota. Hata huo utangazwe.

Cha tatu ni sisi. Wengi wetu tutaingia kwenye hizi vila siku moja, kwa harusi, kwa semina, kwa bahati. Tutavaa taulo jeupe. Na mlinzi atatuuliza, "Huyu anakusumbua?" Swali lile watoto wa wavuvi hawaulizwi, tunaulizwa sisi. Kwa hiyo tuwe na jibu tangu tukiwa nyumbani, maana mimi nimeona kwamba ukilitafutia pale pale hulipati.

Na kuna la mwisho, ambalo ni langu mimi kama mwalimu mtarajiwa. Kidato cha pili niliwafundisha wale watoto maliasili. Nikaandika ubaoni ziwa ni mali ya Watanzania wote, wakanakili, wakachora na ramani ya Ziwa Viktoria wakaipaka rangi ya bluu. Huyu dogo alipata 18 kati ya 20. Asubuhi ile aliponiita madam hakuwa anaomba huruma. Alikuwa ananikumbusha nilichoandika ubaoni. Mimi ndiye niliyefeli.

Wiki iliyopita nilipanda daladala mpaka kule shuleni kwao, muda wa mapumziko. Nilimkuta. Nikamwambia, "Siku ile nilikosea. Nilitakiwa kukusemea, nikanyamaza." Akaangalia chini, akachora chora mchangani kwa kiatu. Akasema, "Si kitu madam. Siku hizi nafua usiku, mlinzi wa usiku hana shida." Halafu kengele ikagonga akakimbia darasani.

Usiku, ziwani, peke yake. Mnaolijua ziwa mnaelewa kwa nini sikulala vizuri siku hiyo, tena nikiwa kwenye kitanda changu cha chuma hapa Malimbe.

Kesho kutwa narudi, safari hii kwa mwenyekiti wa mtaa wao, na jina langu na namba yangu ya simu kwenye karatasi, kuulizia ile njia iliyojengewa ukuta. Akinifukuza nitawaambia. Akinisikiliza nitawaambia pia. Kama kwenu kuna njia ya ziwani iliyopotea, nanyi semeni ilikuwa inapita wapi, kabla wanaoikumbuka hawajazeeka.

Naomba kuwakilisha.