ARUDIE, LAKINI AFUNDISHWE

Nataka kusema machache juu ya wenzetu wanaoshindwa mtihani wa Kidato cha Pili. Walimu wengi wasema warudie. Wazazi wengi wataka wapandishwe, kwa kuwa mtoto huona haya na gharama huongezeka. Ni kweli ada haitozwi katika shule za serikali tangu mwaka 2016, lakini nauli, sare na godoro havitolewi bure.

Kupandisha tu, nchi yetu imekwisha kujaribu. Mwaka 2008 serikali iliondoa sharti la kufaulu Kidato cha Pili. Waliopita bila sharti hilo ndio waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012, na matokeo ya kwanza, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu wamepata sifuri. Sisemi sababu ilikuwa hiyo peke yake, maana walimu wa sayansi na vitabu vilikuwa haba pia. Lakini kumpandisha asiyeelewa hakukumsaidia.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema "arudie" wakaishia hapo. Mwenzangu wa kitanda cha chini bwenini alirudia. Je, mwaka ule wa pili alipewa nini? Daftari zilezile, maelezo yaleyale ubaoni, na Kiingereza kilekile. Kwa Kiswahili hutueleza jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, hata sisi wa mbele darasani tukanyamaza kumsikiliza. Mwulize kwa Kiingereza, hasemi neno. Miaka saba alifundishwa kwa Kiswahili, kisha Januari alipoingia sekondari karibu masomo yote yakageuka lugha. Kumrudisha mwaka mzima kwa ajili ya Bayolojia ni kumfunga bandeji mguuni mtu anayeumwa jino.

Basi naona arudie, lakini kwanza aulizwe ameshindwa wapi. Tena asingojewe mpaka Novemba. Ifikapo Pasaka ya Kidato cha Kwanza kila mwalimu amekwisha kumjua asiyeelewa. (Sisi wanafunzi twamjua mapema zaidi.) Walimu wetu wa Kiingereza ni wachache, nao wamechoka, siwaongezei mzigo. Ila Jumamosi asubuhi, baada ya usafi, maktaba huwa tupu. Nawaomba walimu waturuhusu sisi wa Kidato cha Nne tukae humo na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, mmoja kwa mmoja, tusome nao Kiingereza saa moja tu. Mimi nimekwisha kujiandikisha kwa kiranja wa taaluma, na hadi leo tuko sita.