Kabla ya jiwe la kwanza, watuambie: wapi, na kwa makuta ngapi?

Vijana wenzetu wa Dilala na Manika, wa Fungurume na Luilu, ndugu wote wa Lualaba,

Kwetu huku shule mpya inatangazwa kwa namna moja. Jeep zinafika, kibao chenye picha ya jengo zuri kinasimamishwa, mkubwa anaweka jiwe la kwanza, tunapiga makofi, picha zinajaa ku WhatsApp. Jioni, wakati bakubwa banarudia kwabo, ndipo watu wa kartie wanaanza kuulizana polepole: "Juu ya nini banaiweka pale? Na ile makuta yote njo ya madarasa sita tu?"

Sisi tunasema maswali haya mawili yaulizwe mchana, kwa sauti, kabla ya jiwe kuwekwa.

Tunajua jibu watakalotupa: "Nyinyi vijana munakataa maendeleo." Nani anakataa shule Kolwezi? Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tangu mwezi wa 9 wa 2019, bure hiyo ilipoanza kweli, watoto walifika wengi kuliko mabanki yaliyokuwepo. Kila mama wa hapa anajua darasa ambamo watoto wanajibana wanne ku banki moja na wengine wanaikala chini. Shule tunazihitaji sana, na ndiyo sababu hatutaki hata moja iwekwe mahali pabaya, wala makuta ya shule mbili yajenge moja.

Tuanze na mahali.

Mji wetu umelala juu ya shaba na kobalti. Kasulo mnaikumbuka. Mwaka 2014 watu walikuta madini chini ya nyumba zao, na kwa muda mfupi kartie nzima ikawa mashimo: mashimo ndani ya kiwanja, mashimo ndani ya saluni. Mwaka 2017 sehemu ya wakaaji ilihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta. Angalieni tena Cité Gécamines, kartie iliyojengwa vizuri, na mgodi wa COMMUS ukafika mpaka pembeni yake. Familia zilihama, na wengi walisema fidia haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoacha. Mwaka 2023 Amnesty International na IBGDH waliandika ripoti juu ya mambo hayo, dunia nzima ikasoma.

Basi mtu akituambia "shule itajengwa pale," swali letu la kwanza ni hili: pale ni ndani ya kibali cha nani? Shule inajengwa kwa miaka 40 au 50. Kama chini yake kuna kibali cha uchimbaji, siku bei ya kobalti itakapopanda, nani atatuhakikishia kwamba madarasa hayatakuwa kitu cha kwanza kubomolewa? Kuangalia si kazi ngumu. CAMI, ofisi inayoandika vibali vya migodi, ina ramani iliyo wazi kwenye intaneti. Kijana mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kutafuta eneo la kartie yake na kuona jina la kampuni.

Halafu kuna njia. Barabara ya Likasi inabeba kamiyo usiku na mchana, na nyingine zinabeba asidi. Mwezi wa 2 wa 2019, upande wa Tenke, kamiyo ya asidi ilipata ajali na watu wengi wakafa. Shule ikiwekwa ng'ambo ya barabara kama ile, mtoto wa miaka sita ataivuka mara mbili kwa siku. Kuna pia mine zinazopigwa mgodini mpaka kuta zinapasuka, kuna vumbi, kuna maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye marundo ya mabaki ya madini. Mambo hayo yote yanaonekana kwa macho. Yanahitaji tu mtu wa kuyauliza kabla.

Na kuna swali ambalo watu wanaogopa: nani ana viwanja pembeni ya mahali palipochaguliwa? Shule ikifika, barabara inafika na umeme unafika, kiwanja kinapanda bei. Wakati mwingine shule inaenda mbali na watoto kwa sababu iko karibu na viwanja vya mtu. Hatumshitaki mtu yeyote hapa. Tunasema waeleze kwa maandishi sababu ya kuchagua pale, basi mashaka yaishe.

Sasa makuta.

Wengi wetu bado tunafikiri shule iliyojengwa kwa makuta ya mgodi ni zawadi, na zawadi haiulizwi bei. Hapa njo wanatukamatia. Sheria ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Piga hesabu: kampuni ikiuza madini ya dola bilioni 1, watu wa pale wanapaswa kupata dola milioni 3 kwa mwaka ule. Chombo kinachosimamia makuta hayo, kile tunachokiita DOT, lazima kiwe na wawakilishi wa wakaaji ndani yake. Mbali na hiyo kuna cahier des charges, maandishi ambamo kampuni inaahidi shule, visima na vituo vya afya. Na kuna redevance minière: kwa kila dola 100 za redevance, 50 ni za serikali ya Kinshasa, 25 za jimbo, 10 za mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 za komini, sekta au cheferi ambamo mgodi uko.

Ni makuta yetu, kwa sheria. Mtu hashukuru kwa kulipwa deni lake huku akikatazwa kulihesabu.

Kwa hiyo kibao kikisema tu "ujenzi wa shule ya kisasa," hakijasema kitu. Tunataka devi: matofari mangapi, mifuko mingapi ya sima, manjanja ngapi, mabanki mangapi, vyoo vingapi vya wasichana na vingapi vya wavulana, maji yatatoka wapi. Tunataka kujua ni kampuni ngapi zilishindania kazi, kwa sababu sheria ya manunuzi ya serikali ya 2010 inaweka ushindani kuwa kanuni. Na kama shule mbili zina ramani moja na madarasa sawasawa, lakini moja inagharimu mara mbili ya nyingine, mtu atueleze ile tofauti.

Wanasema pia: "Nyinyi hamuko mainjinia." Kolwezi haikosi watu wa kusoma devi. Kuna mafundi wazee waliojengea Gécamines. Kuna wanafunzi wa UNIKOL. Kuna mama anayeuza sima sokoni, anayejua bei ya mfuko leo asubuhi kuliko ofisi yoyote.

Tena gharama haiishi siku ya kukata utepe. Shule bila walimu mécanisés, yaani walio ku orodha ya mshahara wa serikali, ni jengo tu. Mwalimu asipolipwa, mzazi ndiye anaombwa kulipa, na ile bure inakufa. Kwa hiyo anayetangaza madarasa atangaze pia nani atalipa walimu.

Mnaona tunazidisha? Mwezi wa 9 wa 2025, Cour de cassation ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi za nguvu juu ya karibu dola milioni 19 za kujenga gereza la Kisangani. Yeye alikana. Lakini sisi tujifunze: maswali juu ya kazi ile yalisikika nchini wakati makuta yalikuwa yamekwisha kutoka. Sisi tunataka kuuliza yakiwa bado ndani.

Kuna hofu moja tunaiheshimu, kwa sababu inatoka kwa wazazi, haitoki kwa wakubwa: "Mukiuliza sana, watapeleka shule kwingine, na batoto betu bataendelea kuikala chini." Wazazi wetu, tunawasikia. Mkutano mmoja wa kartie na karatasi moja iliyobandikwa ukutani havichukui hata wiki mbili. Kuhamisha shule iliyojengwa vibaya kunachukua miaka, na miaka ile ni ya mtoto, hairudi. Tena mradi unaokimbia kwa sababu umeulizwa bei, tujiulize ulikuja kufanya nini.

Kwa hiyo, kwa kila shule mpya katika jimbo la Lualaba, tunaomba gavana, meya, wakubwa wa komini, DOT na kampuni:

1. Mkutano wa wazi na wakaaji kabla ya mahali kuchaguliwa, wanawake na vijana wakiwemo.
2. Ramani ya mahali, karatasi za ardhi, na jibu la CAMI kwa maandishi.
3. Devi nzima ibandikwe ku komini na mahali pa kazi, pamoja na jina la mjenzi na asili ya makuta.
4. Kamati ya wakaaji yenye haki ya kuingia kwenye kazi na kuhesabu.
5. Ahadi ya maandishi juu ya walimu, maji na vyoo.

Na wewe unayesoma, usingoje sisi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakupa haki ya kuandikia viongozi, peke yako au pamoja na wengine. Kusanyeni majina ku avenyu, andikeni barua, pelekeni, na kopi yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Msitukane mtu, msivunje kitu. Mkijibiwa, soma jibu mbele ya watu wote. Msipojibiwa, rudini na majina mara mbili.

Shule tunaitaka. Tunaitaka mahali ambapo itabaki, kwa bei ambayo mtu anaweza kuisema mbele yetu bila kuangalia chini.