Sanaa ya Lubumbashi iwe ya wakazi wa Lubumbashi

Kila mara tamasha jipya la muziki au maonyesho ya sanaa yanapotangazwa hapa Lubumbashi, manung'uniko huanza kabla ya spika kuwashwa. Mzee wa mtaa anauliza nani atalala usiku huo. Mchungaji anahofia pombe na mavazi. Mama anayeuza mboga sokoni anashangaa: umeme unakatika, barabara zina mashimo, na bado kuna pesa za sherehe? Wengine wanasema kwa kifupi kwamba hayo ni mambo ya wazungu.

Hatuoni sababu ya kuwacheka watu hao. Kelele za usiku kucha ni mateso kwa mgonjwa na kwa mfanyakazi anayeamka alfajiri. Kuuzia watoto pombe ni kosa, iwe kwenye tamasha au kwenye baa. Na mkazi wa Katuba au Ruashi ana haki ya kuuliza kwa nini mambo makubwa hufanyika katikati ya mji, katika komine ya Lubumbashi, mbali na kwake.

Hata hivyo, kulalamika ni jambo moja na kupiga marufuku ni jingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ngoma ya mbeni iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki ilifika hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Watawala wa Kibelgiji na wamisionari waliitilia shaka. Leo wanahistoria wanaichunguza ili kuelewa jinsi wafanyakazi walivyojipanga na kusaidiana. Kilichoonekana kuwa fujo sasa ni urithi.

Wala si kweli kwamba watu wetu hawapendi sanaa. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilipendwa kwa sababu liliigiza kwa Kiswahili cha hapa, likizungumzia nyumba zetu na ugomvi wetu. Watu wanachokataa ni kuwekwa nje ya uzio.

Tazama bienale ya Lubumbashi. Ilianzishwa mwaka 2008 na wasanii na waandishi wa hapahapa, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza. Hata chama kinachoiandaa kina jina la Kiswahili, Picha. Mwaka 2022 mada yake ilikuwa ToxiCité, yaani mji na sumu yake. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, hakuna mada inayotuhusu zaidi. Lakini maonyesho yanayozungumzia hewa tunayovuta hayatoshi ikiwa anayeishi karibu na kiwanda hajui kama anakaribishwa kuyaona.

Uganda inatupa funzo. Septemba 2022 wabunge walitaka tamasha la Nyege Nyege la Jinja lizuiwe kwa madai ya kuharibu maadili, siku chache tu kabla ya kuanza. Serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mwaka 2018 pia waziri wa maadili alilipiga marufuku, kisha likaendelea. Mvutano wa namna hiyo haumlindi mtoto wala haumpi jirani usingizi. Unamuumiza zaidi mwenye hoteli, dereva na mama lishe waliokwisha kutumia akiba yao kujiandaa.

Kwa hiyo tunaiomba meya na wakuu wa komine waweke masharti mapema na kwa maandishi: saa ya kuzima muziki, kiwango cha sauti, ulinzi, vyoo, nani anasafisha uwanja kesho yake. Anayeyavunja atozwe faini. Anayeyafuata asisumbuliwe dakika ya mwisho, wala asiombwe kitu kidogo ili apewe karatasi yake.

Waandaaji nao wawatembelee majirani kabla ya kubandika matangazo. Maelezo ya kazi yaandikwe pia kwa Kiswahili. Siku moja ya maonyesho ipelekwe Katuba, nyingine komine ya Kenya, bila kiingilio.

Vijana wetu wenye vipaji wana njia mbili: kufanya kazi yao hapa au kuondoka. Tukizima kila jukwaa kwa sababu ya kelele, tutapata usingizi mzuri katika mji ambao watoto wake wanaimba kwingine.